Tiba ya Kiwewe kwa Mwendo wa Macho: Je, Ni Macho Yanayoponya?

Kila mwaka, mvua zinapoanza katika uwanda wa juu wa Ufipa, radi huwa jambo la kawaida. Uwanda huu una kimo cha zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na sehemu zake nyingi ni nyasi tupu. Mtu aliyekutwa na dhoruba shambani hana pa kujificha. Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa kidato cha pili, mahali popote kati ya Sumbawanga, Matai na Namanyere, ambaye mwaka jana alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka kwa mwenzake wakati mwenzake huyo alipopigwa na radi akafa. Yeye mwenyewe hakupata hata mkwaruzo. Hata hivyo, wingu likitanda, mikono humtetemeka. Mvua ikianza kugonga bati, hutoka darasani mbio. Usiku huota tukio lile lile. Alama zake za hisabati zimeshuka. Mwalimu mmoja amemwita mvivu, jirani amesema kuwa familia imetumiwa radi, na wazazi wake hawajui washike lipi.

Makala haya yanaeleza sayansi inavyoifahamu hali ya mwanafunzi huyo. Kadhalika yanachunguza tiba moja ambayo, kwa mtu anayeiona kwa mara ya kwanza, hufanana na kiinimacho: mgonjwa hukumbuka tukio lililomwumiza, huku macho yake yakifuata kidole cha tabibu kinachokwenda kushoto na kulia. Wenyeji hueleza kuwa jina la Sumbawanga lina maana ya "tupa uchawi". Basi na tuipokee tiba hii kwa sharti la jina hilo: tusiikubali kwa sababu ni ya ajabu, wala tusiikatae kwa sababu hiyo hiyo. Tuiulize ushahidi wake.

1. Kiwewe ni nini?

Kiwewe ni jeraha la nafsi linalotokana na tukio la kutisha mno: kifo cha ghafla, ajali ya gari, kuzama kwa mtumbwi ziwani, vita, kubakwa, au kushambuliwa. Mkoa wa Rukwa unayafahamu mambo hayo. Mwanzoni mwa mwaka 2013 watu wenye ualbino, mmoja wao akiwa mtoto wa shule, walishambuliwa mkoani humo na kukatwa viungo. Aidha, tangu mwaka 1972 maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walipewa makazi huko Katumba, na baadaye Mishamo, sehemu ambazo zilikuwa ndani ya mkoa wa Rukwa hadi mkoa wa Katavi ulipoundwa mwaka 2012.

Watu wengi waliopatwa na mambo ya namna hiyo hutulia wenyewe baada ya majuma kadhaa, hasa wakiwa na ndugu na majirani wa kuwasaidia. Lakini baadhi yao hawatulii. Mwaka 1980 chama cha matabibu wa magonjwa ya akili cha Marekani kiliiingiza hali hiyo katika orodha rasmi ya maradhi, na leo Shirika la Afya Duniani huitambua kwa dalili kuu tatu. Ya kwanza, tukio hurudi kana kwamba linatokea sasa hivi, iwe katika ndoto au mtu akiwa macho. Ya pili, mtu huepuka kila kitu kinachomkumbusha tukio. Ya tatu, huishi kama aliye hatarini daima, akishtuka kwa kishindo kidogo. Dalili hizo zikidumu kwa majuma mengi na kumzuia mtu asifanye kazi au asisome, hapo tunasema ana maradhi ya kiwewe.

Msomaji ataona kwamba mwanafunzi wetu anazo dalili zote tatu. Si mvivu. Wala si lazima kwanza tumalize ubishi kuhusu nani "alituma" radi. Radi ni mkondo wa umeme kati ya wingu na ardhi, na somo la fizikia hulieleza jambo hilo vizuri. Lakini hofu ya mtoto ni ya kweli hata kama maelezo ya jirani si ya kweli, na hofu isiyotibiwa ina hatari nyingine: hutafuta mtu wa kumlaumu. Katika sehemu mbalimbali za nchi yetu wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi baada ya misiba ambayo chanzo chake kilikuwa cha kawaida kabisa.

2. Tukio linavyohifadhiwa katika ubongo

Ndani ya ubongo, kila upande, mna kiungo kidogo chenye umbo la lozi kiitwacho amigdala. Kazi yake mojawapo ni kutambua hatari. Amigdala ikichochewa, mwili humwaga adrenalini, moyo hupiga mbio, na misuli hujiandaa kukimbia au kupigana. Jirani yake ni hipokampasi, inayosaidia kuweka kumbukumbu pamoja na mahali na wakati wake: jambo hili lilitokea pale, siku ile, na limekwisha.

Katika hofu kubwa, sehemu hizi mbili hazifanyi kazi kwa uwiano ule ule. Sauti, mwanga na harufu za tukio hukazwa sana, lakini mpangilio wa wakati huwa dhaifu. Ndiyo maana kishindo cha mvua juu ya bati hakimkumbushi mwanafunzi wetu jambo la mwaka jana. Humrudisha ndani yake. Kumwambia "sahau, yamepita" hakumsaidii, kwani sehemu ya ubongo inayoogopa bado haijapata habari kwamba yamepita.

3. Chanzo cha tiba ya mwendo wa macho

Tiba hii, inayojulikana duniani kwa herufi EMDR, ilianzishwa na mwanasaikolojia Francine Shapiro wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1948 na kufariki mwaka 2019. Yeye mwenyewe alieleza kwamba mwaka 1987, alipokuwa akitembea katika bustani, aligundua kuwa mawazo yaliyokuwa yakimsumbua yalipungua nguvu wakati macho yake yalipokuwa yakienda upande huu na huu kwa haraka. Mwaka 1989 alichapisha matokeo ya jaribio lake la kwanza, lililohusisha watu 22 wenye kumbukumbu za kutisha.

Wanasayansi wengi walishuku, na walikuwa na haki ya kushuku. Watu 22 ni wachache, na aliyebuni tiba ndiye aliyeipima. Katika miaka iliyofuata watafiti wengine, wasiokuwa na sababu ya kumpendeza Shapiro, walirudia majaribio katika nchi mbalimbali. Hatimaye, mwaka 2013, Shirika la Afya Duniani liliitaja tiba hii, pamoja na tiba ya fikra na mwenendo inayoshughulikia kiwewe, kuwa ni tiba zinazofaa kwa watoto, vijana na watu wazima wenye maradhi hayo.

4. Jinsi tiba inavyoendeshwa

Ni kosa kudhani kwamba tiba hii ni kupunga kidole tu. Ina hatua nane. Kwanza tabibu husikiliza historia ya mgonjwa. Pili humwandaa, akimfundisha njia za kujituliza pindi hofu itakapozidi. Tatu, pamoja naye huchagua picha moja ya tukio, na mgonjwa hutaja kiasi cha dhiki anayoihisi, kuanzia 0 mpaka 10. Hatua ya nne ndiyo yenye mwendo wa macho: mgonjwa huishika picha ile akilini huku akifuata kidole kwa muda wa nusu dakika hivi, kisha hupumzika na kusema kilichomjia. Zoezi hurudiwa mpaka dhiki ishuke. Hatua ya tano huimarisha wazo jipya, kwa mfano "sasa niko salama" badala ya "nitakufa". Ya sita huchunguza kama mwili ungali umekakamaa. Ya saba hufunga kikao kwa utulivu, na ya nane, katika kikao kinachofuata, hupima kama nafuu imedumu.

Kikao kimoja huchukua dakika 60 hadi 90, na kwa kawaida vikao kadhaa huhitajika. Mgonjwa hafutiwi kumbukumbu. Anaendelea kujua kwamba mwenzake alikufa na anaendelea kumsikitikia. Kinachopungua ni ukali wa picha na tetemeko la mwili.

5. Je, ni macho yanayoponya?

Hapa tunafika kwenye kiini cha somo. Tuseme kwamba wagonjwa wanapata nafuu. Je, tumethibitisha kuwa macho ndiyo yaliyowaponya? La hasha. Katika tiba hii kuna mambo mengi kwa pamoja: tabibu mwenye huruma, matumaini ya mgonjwa, kulikabili tukio badala ya kulikimbia, na mwendo wa macho. Mkulima aliyetia mbolea, akapalilia na kubadili mbegu katika msimu mmoja hawezi kusema ni lipi lililomwongezea mavuno. Hana budi kugawa shamba lake katika vipande, na kubadili jambo moja moja.

Watafiti walifanya hivyo. Kundi moja lilipewa tiba kamili. Kundi jingine lilipewa tiba ile ile, ila macho yalitulia. Mwaka 2001 watafiti wawili walikusanya matokeo ya chunguzi 34 wakahitimisha kwamba tiba inafaa, lakini mwendo wa macho hauongezi kitu. Mwaka 2013 wengine wawili walikusanya chunguzi 26, wakatumia hesabu makini zaidi, na kuona kwamba mwendo wa macho unaongeza nafuu, tena kwa kiasi cha kuonekana. Mwanafunzi asishangazwe na tofauti hiyo. Sayansi haiendi kwa tamko moja la mwisho. Huenda kwa kupima na kupima tena.

Sasa, kama macho yanasaidia, yanasaidiaje? Maelezo yenye ushahidi mwingi zaidi yanahusu kile kinachoitwa kumbukumbu ya kazi, dhana iliyofafanuliwa na wanasaikolojia Baddeley na Hitch wa Uingereza mwaka 1974. Kumbukumbu ya kazi ni kama ubao mdogo ambao akili huandika yale inayoyashughulikia kwa wakati huo. Ubao huo una nafasi chache. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka, na maabara imethibitisha kauli yao: mtu akiishika picha akilini na papo hapo akalazimika kufuata kitu kinachokwenda mbio, picha hukosa nafasi ya kutosha, ikafifia.

Ushahidi wa jambo hilo ni huu. Macho yakienda juu na chini, badala ya kushoto na kulia, matokeo ni yale yale. Kuhesabu kwa kurudi nyuma pia hufifisha picha, kadhalika kuchora mchoro wenye mambo mengi. Bali kazi nyepesi, kama kusikiliza milio inayopokezana masikioni, hufifisha kidogo tu. Kwa hiyo siri haimo katika kidole cha tabibu, wala katika kushoto na kulia. Imo katika kuukabili mzigo wa kumbukumbu huku akili ikiwa imeshughulishwa vya kutosha.

Lakini kwa nini picha iliyofifia leo isirudi kesho na ukali wake wote? Majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha kwamba kumbukumbu ya hofu, ikishaamshwa, huwa laini kwa muda kabla ya kuhifadhiwa upya. Wafipa wa zamani, waliosifika kwa kuyeyusha chuma katika tanuru ndefu za udongo, wangeuelewa mfano huu kwa urahisi: chuma baridi hakikunjiki, lakini kikitiwa motoni hukubali umbo jipya, kisha hupoa kikiwa na umbo hilo. Huenda kumbukumbu iliyoamshwa na kufifishwa huhifadhiwa ikiwa imefifia. Mwaka 2019 watafiti wa Korea Kusini walieleza pia kwamba panya walioonyeshwa mwanga unaokwenda huku na huku hofu yao ilipungua, na wakaifuata njia ya neva kutoka sehemu ya ubongo inayoongoza macho mpaka kwenye amigdala. Mambo haya yangali yanachunguzwa, na msomaji wa leo anaweza kuwa mtafiti wake wa kesho.

6. Jaribio la darasani

Darasa laweza kulipima wazo la kumbukumbu ya kazi bila vifaa vya gharama. Angalizo: jaribio hili si tiba. Ni mwiko kutumia kumbukumbu ya msiba, ajali au jambo lolote la kutisha. Kila mmoja achague kumbukumbu ya kawaida, kama vile safari ya kwenda sokoni au mchezo wa mpira. Mwenye kifafa au maumivu ya macho asishiriki.

(a) Wanafunzi wagawanywe kwa kura katika makundi matatu yaliyo sawa.

(b) Kila mwanafunzi afumbe macho, akumbuke picha aliyoichagua, na aandike jinsi inavyoonekana wazi, kuanzia 0 (haionekani kabisa) hadi 10 (kama anaiona kwa macho).

(c) Kundi A liishike picha akilini huku kila mmoja akifuata kwa macho ncha ya penseli ya mwenzake, inayokwenda na kurudi mara moja kwa kila sekunde, kwa sekunde 24. Wapumzike sekunde 10, kisha warudie hadi mara nne. Kundi B liishike picha kwa muda huo huo likiangalia nukta moja iliyochorwa ubaoni. Kundi C liishike picha huku likihesabu kimoyomoyo kutoka 300 kurudi nyuma kwa tatu tatu.

(d) Kila mmoja aandike tena kipimo chake, atafute tofauti, na darasa likokotoe wastani wa kila kundi.

Kama wazo ni sahihi, wastani wa makundi A na C utashuka zaidi kuliko wa kundi B. Darasa likiwa na wanafunzi wachache, bahati yaweza kupotosha matokeo. Kwa hiyo ni vema madarasa mawili au matatu yaunganishe takwimu zao. Mwalimu awaulize wanafunzi kwa nini kura ilitumika, na kwa nini kundi B ni la lazima.

7. Mafunzo kutoka kwa jirani zetu

Matabibu waliofunzwa tiba ya mwendo wa macho ni wachache katika Afrika ya Mashariki. Je, mtu aliye mbali na miji mikubwa hana tumaini? Chunguzi mbili zinatupa jibu.

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, wakimbizi wa kawaida, wasio matabibu, walifunzwa kwa majuma machache namna ya kuwasaidia wenzao kwa mazungumzo. Mojawapo ya njia walizotumia ni ile ambayo mgonjwa husimulia maisha yake yote kwa utaratibu, mema na mabaya, mpaka tukio la kutisha lipate mahali pake katika historia yake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalihusu watu 277 kutoka Rwanda na Somalia. Katika ufuatiliaji, watu 70 katika kila 100 waliosimulia maisha yao hawakuwa tena na maradhi, na 65 katika kila 100 waliopewa ushauri wa kawaida wa kiwewe. Kwa wale ambao hawakupewa tiba, waliopona walikuwa 37 katika kila 100. Mwanafunzi aitazame sana namba hii ya mwisho. Bila ya kundi hilo, tungeihesabia tiba hata wale ambao wangepona kwa muda tu.

Uchunguzi wa pili ulifanyika Moshi na Bungoma, Kenya, na kuchapishwa mwaka 2020. Watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote walihusika, na tiba ya fikra na mwenendo ilitolewa katika vikundi na washauri wasiokuwa wataalamu wa maradhi ya akili. Katika maeneo matatu kati ya manne, watoto waliopata tiba walipata nafuu zaidi kuliko wenzao.

Njia hizi hazitumii mwendo wa macho. Lakini zina jambo moja linalofanana na tiba ya Shapiro: tukio linakabiliwa, kidogo kidogo, mahali pa usalama, pamoja na mtu aliyefunzwa. Hilo ndilo linaloelekea kuwa shina. Mwendo wa macho ni tawi.

8. Wajibu wa mwalimu

Mwalimu si tabibu, na asijaribu kupunga kidole mbele ya mwanafunzi mwenye kiwewe. Kuiamsha kumbukumbu bila kujua namna ya kuituliza kwaweza kumzidishia mtoto maumivu. Hata hivyo yako mengi anayoweza kuyafanya.

Kwanza, atambue dalili, na asiziadhibu. Kiboko kwa mtoto anayetetemeka humthibitishia kwamba hatari bado ipo. Pili, asimlazimishe kusimulia yaliyompata. Shirika la Afya Duniani halishauri kumhoji mtu kwa undani mara tu baada ya msiba, bali kumpa usalama, msaada wa mahitaji yake na sikio la kumsikiliza akitaka kusema. Tatu, amruhusu kukaa karibu na mlango au karibu na rafiki siku ya dhoruba, na amrudishe kwenye wakati uliopo kwa maneno ya upole: "Uko darasani, mwanangu, uko pamoja nasi." Nne, awafundishe wote kinga ya radi: kuingia ndani ya jengo imara, na kutosimama chini ya mti. Tano, dalili zikidumu zaidi ya mwezi mmoja, azungumze na wazazi ili mtoto apelekwe kituo cha afya na, ikibidi, hospitali ya rufaa ya mkoa. Wazazi wakitaka pia kwenda kwa mganga wa jadi au kwa kiongozi wa dini, mwalimu asiwadhihaki. Awaombe tu wasiiache hospitali, na asikubali mtu yeyote atajwe kuwa mchawi.

Turudi kwa mwanafunzi wetu. Radi ilimwua mwenzake kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Hofu yake imedumu mwaka mzima, na yaweza kudumu maisha yake yote iwapo watu wazima wanaomzunguka wataiita uvivu au uchawi. Ikiitwa kwa jina lake, inaweza kutibiwa.

Maswali ya mazoezi

1. Taja dalili kuu tatu za maradhi ya kiwewe, na utoe mfano wa kila moja kutoka katika makala haya.

2. Eleza kwa nini jaribio la kwanza la mwaka 1989 peke yake halikutosha kuthibitisha tiba.

3. Kama watu 37 katika kila 100 walipona Nakivale bila tiba, na 70 katika kila 100 walipona kwa kusimulia maisha yao, ni wangapi katika kila 100 ambao nafuu yao twaweza kuihesabia tiba?

4. Mtu anadai kwamba maji ya chemchemi fulani huponya hofu. Panga jaribio lenye makundi ili kuipima kauli yake.

5. Jadilini: "Hofu ya kweli yaweza kuwa na maelezo yasiyo ya kweli."